Mgeni na Vyura wa Matiliku: Mwongozo wa Kuokoa Usingizi

Mwongozo huu ni wa mgeni aliyealikwa Matiliku mwezi wa Novemba akakubali bila kuuliza maswali. Pengine unakuja kupeleka mbuzi wa mahari. Pengine umenunua shamba la maembe kwa kuangalia picha kwenye simu. Pengine ofisi imekutuma uje uhesabu mabwawa. Hayo ni yako na waliokutuma. Sisi tunashughulika na usiku wako wa kwanza.

Utashuka Emali kwenye barabara ya Mombasa, upande boda boda kuelekea Nzaui. Vumbi litakuingia mpaka kwenye meno. Utavuka mito ambayo ni mchanga mtupu, utaona akina mama wamechimba shimo katikati ya mto wakiteka maji kwa kata, na utajiambia kwamba nchi kavu namna hii haiwezi kuwa na chura hata mmoja. Hapo utakuwa umeshaanza vibaya. Vyura wapo. Wengine wamejifukia ardhini tangu mvua iliyopita, wengine wamejibana chini ya mawe, wengine wamelala kwenye tope la mwisho la silanga, yaani bwawa, wakingoja. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, kumbikumbi hutoka, vyura hutoka kuwala, na wakishashiba hukumbuka kwamba hawajaoa. Usiku huo ndipo utakapogundua kwamba chumba ulichopewa kinatazamana na silanga, na dirisha lake halina kioo.

Mwenyeji wako atakupa methali: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli. Ila methali haikusema lolote kuhusu mgeni anayetaka kulala.

Kosa la kupanga familia

Mgeni wa kawaida, akishajua kwamba usingizi hauji, huanza kupanga ukoo gizani. Ile sauti nene inayokoroma ni baba. Ile nyembamba inayoruka juu ni mama. Zile ndogo za pembeni ni watoto, na bila shaka wanakemewa. Usifanye hivyo, na hasa usifanye kwa sauti mbele ya wenyeji, maana mazungumzo huenda namna hii:

"Mzee, huyo anayekoroma ndiye dume, sivyo? Na huyu mwembamba ndiye mke wake?"

"Wote ni wanaume."

"Lakini sauti ni tofauti kabisa, mzee."

"Ni watu wa makabila tofauti. Mama zao hawajasema neno tangu jioni. Wanasikiliza."

Mzee amemaliza somo zima. Anayekoroma kwa sauti nene ni Sclerophrys gutturalis, yule chura mkubwa wa chunjua unayemkuta chini ya taa akingoja wadudu. Mlio mfupi unaopanda ghafla, mmoja hapa na mwingine ukiujibu kule kwenye nyasi, ni wa Kassina senegalensis, chura mdogo mwenye milia ambaye hupenda kutembea kuliko kuruka. Hao ni spishi mbili ambazo hazina habari na wake wa wenzao. Dume analia ili jike wa spishi yake amsikie, apime, halafu aje au asije. Jike kwa kawaida haimbi. Akishikwa na dume asiyemtaka, au akiwa ameshataga na hana haja tena, hutoa mlio mdogo wa kujinasua, naye aliyemkumbatia kimakosa hutakiwa kumwachia. Dume aliyekumbatiwa na dume mwenzake pia hutoa mlio huo, na kwenye giza la silanga iliyojaa, unatumika sana.

Kwa hiyo ukilala ukiwaza ugomvi wa mke na mume huko bwawani, umekosea pande zote mbili. Kinachokukosesha usingizi ni mkutano wa wanaume watupu.

Msuli wa kelele

Sasa utauliza kwa nini jike hajibu kwa ukali uleule. Mgeni mwenye haraka atasema ni aibu, au malezi. Jibu liko kwenye nyama.

Chura wa kawaida hupiga kelele kwa kusukuma hewa. Misuli ya ubavuni na tumboni hukamua mapafu, hewa hupita kwenye koromeo na kutikisa nyuzi za sauti, kisha huingia kwenye mfuko wa koo unaovimba chini ya kidevu. Hewa hairudi nje. Husukumwa tena mapafuni, na kazi huanza upya, mara elfu kadhaa kwa usiku mmoja. Kazi ya namna hiyo inataka msuli. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Marekani walimpima chura mmoja mdogo wa kwao, yule aitwaye siku hizi Pseudacris crucifer, wakakuta misuli hiyo ya kiwiliwili ni takriban asilimia 15 ya uzito wa dume. Kwa jike ni kama asilimia 3. Mgeni wa kilo 80 mwenye mwili wa mpango huo angebeba kilo 12 za nyama isiyo na kazi nyingine ila kupiga kelele. Wako wanaokaribia, lakini hao tunawaachia wapiga kura.

Tofauti hiyo huletwa na homoni. Korodani za dume humwaga testosteroni kwenye damu, damu huizungusha mwili mzima, lakini haifanyi kazi kila mahali inapopita. Hufanya kazi pale tu kwenye seli zenye vipokezi vya kuitambua, na misuli ya sauti ya dume imejaa vipokezi hivyo. Jike naye ana estrojeni kutoka kwenye ovari, nayo ina kazi zake, tutazifikia.

Usidhani mambo haya ni ya maabara za ng'ambo peke yake. Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley aliwafuata vyura wa Msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, na mwaka 1999 yeye na mwenzake wakatoa matokeo kuhusu Hyperolius argus, chura wa matete. Chura huyu ana tabia nzuri kwa mtafiti mvivu: wadogo wote ni wa kijani, kisha jike akikomaa hubadilika akawa wa hudhurungi mwenye madoa meupe, dume akabaki na ukijani wake. Waliopewa estrojeni walivaa rangi ya kike, awe dume awe jike. Waliopewa testosteroni waliota mfuko wa koo, tena wote, hata majike. Kwa maneno mengine, kila chura huzaliwa na vifaa vya pande zote mbili, na homoni ndiyo inayoamua kipi kitolewe sandukuni.

Bwawani kuna mwingine

Hapa ndipo mwongozo wetu unapolazimika kukuonya kwa dhati. Wale unaowasikia kutoka kitandani ni wale tu wanaolia hewani. Chini ya maji yuko mwingine ambaye hutamsikia hata ukitoa kichwa dirishani: chura wa makucha, wa jenasi ya Xenopus. Hana ulimi. Hana nyuzi za sauti. Hana mfuko wa koo. Karibu maisha yake yote yuko majini, na analia humohumo majini akiwa amefunga mdomo, bila kutoa hewa.

Anafanyaje? Ndani ya koromeo lake mna visahani viwili vya gegedu vilivyobanana. Msuli ukikaza, visahani huachana kwa ghafla, na hapo husikika mlio mmoja mkavu: ta! Msuli ukilegea, hurudi kubanana. Mwaka 1992 David Yager alichapisha uchunguzi wa koromeo la chura wa Kenya hasa, Xenopus borealis, akafikiri kwamba sauti inatokana na hewa inayoingia kwa nguvu kwenye mwanya kati ya visahani. Mwaka 2019 Ursula Kwong-Brown na wenzake walionyesha kwamba hewa haihitajiki, wala viputo. Koromeo lenyewe ndilo linalotikisika na kutoa sauti.

Kilicho muhimu kwako ni hesabu yake. Mlio mmoja ni mkazo mmoja wa msuli. Dume wa Xenopus laevis, yule wa Afrika Kusini ambaye amechunguzwa kuliko wote, hupiga milio kama 60 kwa sekunde katika sehemu ya kasi ya wimbo wake, kisha hushuka hadi kama 30, kisha hupanda tena. Makanga wa kugonga bodi ya matatu kwa kasi hiyo hajazaliwa, hata pale kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi. Ili msuli ukaze na kulegea kabisa mara 60 kwa sekunde, unahitaji nyuzi za kasi, na koromeo la dume huyo lina nyuzi za kasi tupu. La jike lina nyuzi nyingi za pole. Tena dume ana nyuzi nyingi zaidi kwa idadi, ingawa walipotoka kwenye uluwiluwi walikuwa sawa. Zile za ziada ziliongezeka utotoni, testosteroni ilipoanza kuzunguka.

Mtu mbishi atasema jike angeweza akitaka. Jambo hilo lilijaribiwa. Mwaka 1987 Martha Tobias na Darcy Kelley wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitoa koromeo kwenye mwili wa chura, wakaliweka kwenye chombo, wakazichokoza neva zake kwa umeme. Koromeo la dume liliimba peke yake kwa kasi ya dume, bila chura. La jike, likilazimishwa kwa kasi ileile, lilishindwa: msuli ulikaza kabla haujamaliza kulegea, mkazo ukashikana na mkazo, visahani vikabaki vimeachana, na sauti ikapotea. Si suala la kutaka. Na kwa wale wanaofurahia mambo ya ajabu, baadaye, mwaka 2007, watafiti wengine walitoa ubongo wa chura huyo, wakauwekea kemikali ya serotonini, na ubongo ukatuma kwenye neva ule mpangilio wa wimbo, wa dume kwa dume na wa jike kwa jike. Ulikuwa unaimba bila koromeo na bila bwawa.

Kuhusu testosteroni: jike mzima akipewa, nyuzi zake za pole hugeuka kuwa za kasi, na baada ya majuma kadhaa anaweza kulia milio ya kiume. Jike mdogo aliyepandikizwa korodani hujifunza wimbo vizuri zaidi, kwa sababu utotoni mlango ungali wazi. Na usiisahau estrojeni. Kwa jike huimarisha pale neva inapokutana na msuli, hata kila ishara ya neva ikatoa mkazo kamili. Kwa dume makutano hayo ni dhaifu mwanzoni na hupata nguvu kadiri wimbo unavyoendelea, ndiyo maana mlio wake huanza chini ukapanda. Jike hana haja ya kupasha moto.

Naye si bubu. Akiwa hana haja na mwanamume hunyoosha miguu ya nyuma na kutoa milio ya polepole, takriban sita kwa sekunde, na dume mwenye adabu huondoka. Akiwa tayari kutaga, hubisha hodi kwa kasi zaidi, kama 12 kwa sekunde. Kelley na wenzake walieleza mlio huo mwaka 1998: dume akiusikia hupandwa na kichaa, hujibu, na wawili hao huanza kupokezana. Kwa hiyo jike wa namna hii ana neno la hapana na neno la njoo, yote kwa msuli wa pole.

Aibu ya Marsabit

Mgeni aliyesoma mpaka hapa anajiona sasa ni mtaalamu. Dume kasi, jike pole. Msuli wa dume moto, wa jike baridi. Basi akisikia mlio wa pole bwawani atatangaza kwamba huyo ni mama. Subiri kidogo.

Chura wa makucha wa kwetu, Xenopus borealis, alielezwa kisayansi mwaka 1936 na H. W. Parker kutokana na vyura wa Marsabit. Anajulikana kutoka kaskazini huko hadi Nairobi hadi vilima vya Taita, na barabara ya Nairobi kwenda Taita inapita mlangoni petu. Dume wake haimbi wimbo wa kasi. Hutoa mlio mmoja, ananyamaza, anatoa mwingine. Wanaume wa Kenya wasome aya inayofuata wakiwa wameketi.

Mwaka 2015 Elizabeth Leininger, Ken Kitayama na Darcy Kelley walichapisha uchunguzi wa koromeo lake. Katika spishi nyingine waliyoilinganisha, Xenopus boumbaensis wa Kameruni, ambaye dume wake pia analia polepole, koromeo lilikuwa la kiume bado: kubwa kuliko la jike, lenye nyuzi za kasi tupu. Huyo anaweza kukimbia ila ameamua kutembea. Lakini kwa Xenopus borealis, dume na jike walikutwa na misuli ya namna moja, nyuzi za kasi na za pole zimechanganyika, na ukichokoza neva za dume, msuli wake hujibu kwa namna ya jike wa laevis. Hawezi kupiga milio 60 hata akitishwa. Mababu wa ukoo huo, kwa dalili zote, walikuwa na koromeo la kiume. Huyu wa kwetu ameliweka chini.

Sababu waliyoipendekeza ni kwamba msuli wa koo umebadilika jinsi unavyoisikia homoni. Maoni yangu ni kwamba hilo ndilo jambo la kupendeza kuliko yote katika habari hii nzima. Tunazungumza juu ya testosteroni kana kwamba ni amri ya chifu, ikitoka kila mtu anatii. Hapa kuna kiumbe ambaye ni dume kamili, anazaa, bwawa limejaa watoto wake, lakini koo lake limekataa barua. Homoni husema, kusikia ni kazi ya msuli.

Na usijilaumu ukimkosea, kwa sababu wakubwa walimkosea kabla yako. Mwaka 1972 Donald Brown na wenzake wa Taasisi ya Carnegie huko Baltimore walitoa utafiti maarufu uliolinganisha jeni za ribosomu za Xenopus laevis na za chura waliyemwita Xenopus mulleri. Mwaka 1977 ikabidi ichapishwe taarifa: yule hakuwa mulleri, alikuwa borealis. Matokeo yalibaki mazuri, jina ndilo lililokuwa la mtu mwingine. Miaka mitano Mkenya alikuwa anatajwa kwenye majarida makubwa kwa kitambulisho kisicho chake.

Kabla hujamwaga dawa shambani

Maelezo haya ni mafupi, ni kwa wale wa shamba la maembe ambao wamepanga kupanda na mahindi. Mwaka 2002 Hayes, yuleyule wa Arabuko-Sokoke, aliripoti kwamba viluwiluwi vya Xenopus laevis vilivyokulia kwenye maji yenye dawa ya magugu ya atrazini, kwa kiasi cha sehemu moja tu kwa bilioni na zaidi, viligeuka madume wenye msuli mdogo wa koromeo. Watengenezaji wa dawa walipinga, na ubishi ukawa mrefu na mchungu. Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa sokoni, Marekani ikaendelea kuitumia. Wewe jua tu kwamba maji ya shamba lako huteremkia silanga.

Ukitaka kumjua, mshike

Kama baada ya yote bado unataka kujua dume ni yupi, acha kusikiliza. Nenda silanga saa moja asubuhi, kabla ng'ombe hawajafika kuchafua maji, na ndoo yenye kamba. Chura wa makucha hupanda juu kuvuta hewa kisha huzama upesi, kwa hiyo tupa ndoo pale anapoibukia, si pale alipozamia. Ukimpata utamjua: mwili bapa, macho madogo yanayotazama juu, alama nyeupe ndogondogo mbavuni zilizopangwa mstari, na kwenye kila mguu wa nyuma vidole vitatu vyenye kucha nyeusi. Anateleza kuliko sabuni ya kipande iliyobaki kidogo, usijaribu kumkamata kwa vidole viwili. Mshike kiunoni, miguu ya nyuma ikiwa katikati ya vidole vyako, mikono yako ikiwa imelowa.

Mgeuze. Jike ni mkubwa zaidi, na nyuma, pale miguu inapoanzia, ana vinyama vitatu vinavyoning'inia. Dume hana hivyo. Ila tazama upande wa ndani wa mikono yake ya mbele. Wakati wa mvua utaona weusi unaokwaruza kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko, ngozi yenye miba midogo ya kumshikilia jike asiponyoke. Miba hiyo pia huletwa na testosteroni. Mikono imesikia ile barua ambayo koo lilikataa kuipokea.

Akianza kutoa milio ya taratibu mkononi mwako, umeambiwa hapana, mrudishe. Mrudishe silanga ileile uliyomtoa, usimhamishie ya jirani. Na ndoo uliyoiazima jikoni ioshe vizuri kabla ya chai, maana mama mkwe ataiulizia, na hakuna namna ya heshima ya kumweleza kwamba ulikuwa unakagua makalio ya chura.